Kompyuta Inagoma Kuwaka Baada ya Kubadilisha Kerneli: Kufuata Dalili Hadi Kwenye Chanzo

Kerneli mpya (kiini cha Linux) imekompailiwa bila kosa, imewekwa kwenye /boot, na GRUB, programu inayopakia kerneli kompyuta inapowaka, imeiona. Unaichagua, maandishi yanateremka kwa sekunde chache, kisha yanaganda kwenye mstari huu:

    Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)

Wengi wakifika hapa hurudi kwenye menuconfig, menyu ya kusanidi kerneli, na kuwasha kila mfumo wa faili unaoonekana, hata ile ambayo hawajawahi kuitumia. Kerneli inanenepa, kukompaili kunachukua muda mrefu zaidi, na kompyuta bado haiwaki, kwa sababu mara nyingi tatizo halikuwa mfumo wa faili. Mstari ule ulikuwa umeshasema mambo yamekwama hatua gani. Zile namba mbili za kwenye mabano zisomwe kwanza, mengine baadaye.

Mwongozo huu unachukulia kompyuta ya kawaida ya Linux: UEFI, diski ya SATA au NVMe, na kerneli uliyoisanidi mwenyewe kama wafanyavyo watu wa Gentoo. Wa Debian, Ubuntu, Fedora na Arch watakuta yao humu pia, hasa kwenye sehemu ya initramfs, yaani mfumo mdogo wa muda unaopakiwa pamoja na kerneli ili kuifungua patisheni kuu.

## Pata maandishi yote, na uwe na njia ya kurudi

Maandishi yenye maana zaidi yako juu ya mstari wa mwisho, na tangu kerneli 5.9 huwezi tena kurudisha skrini juu kwa Shift na PageUp. Rekodi video kwa simu tangu unapobonyeza Enter kwenye GRUB, kisha uisimamishe polepole na kusoma. Inatosha kabisa.

Kwenye video hiyo tafuta kwanza mstari unaofanana na huu:

    CPU: 2 PID: 1 Comm: swapper/0 Not tainted 6.6.30 #3

Hiyo #3 ni hesabu ya mara ulizokompaili katika folda ile ya msimbo (huanza upya ukifanya `make mrproper`). Ikiwa umeshakompaili mara ya nne na skrini bado inasema #3, basi kerneli inayowaka si ile uliyoirekebisha, na hakuna badiliko lolote la usanidi litakalosaidia. Kwa kawaida chanzo ni kwamba patisheni ya boot haikuwa imepachikwa (mount) ulipofanya `make install`. Kerneli mpya iliandikwa ndani ya folda tupu ya /boot iliyo kwenye patisheni kuu, huku GRUB ikiendelea kusoma ile ya zamani kwenye patisheni yake. Pachika /boot, sakinisha upya, jaribu tena. Hili huwapotezea watu siku nzima kuliko kosa lolote la menuconfig, ndiyo maana nimeliweka mwanzo.

Kerneli ya zamani iliyokuwa ikiwaka usiifute mpaka mpya iwe imekaa sawa. Kama huna, washa kompyuta kwa flashi yenye Linux yoyote ya moja kwa moja (live), kisha uingie kwenye mfumo wako. Hapa nimechukulia patisheni ya pili ndiyo kuu na ya kwanza ni ya boot:

    mount /dev/nvme0n1p2 /mnt
    mount /dev/nvme0n1p1 /mnt/boot
    for d in dev proc sys run; do mount --rbind /$d /mnt/$d; done
    chroot /mnt /bin/bash

Humo ndani unaweza kukompaili, kusakinisha na kutengeneza initramfs kama kawaida.

## Mambo manne kwa mpangilio

Ili kerneli ipachike patisheni kuu, inahitaji vitu vinne vifuatane: draiva ya kidhibiti kinachoendesha diski, uwezo wa kusoma jedwali la patisheni, draiva ya mfumo wa faili uliomo, na mwisho programu ya init ya kukabidhiwa kazi. Kimoja kikikosekana, vinavyofuata havifikiwi.

Na hapa ndipo alama ya `y` na ya `m` zinapotofautiana. `y` maana yake draiva imo ndani ya kerneli yenyewe. `m` maana yake ni moduli, faili linalokaa kwenye /lib/modules, yaani ndani ya patisheni ileile unayojaribu kuifungua. Ni sawa na kufungia ufunguo ndani ya nyumba. Kama hutumii initramfs, kila kinachohitajika kabla ya patisheni kuu kufunguka lazima kiwe `y`. Kama unatumia initramfs, `m` inakubalika, ila moduli hiyo lazima iwe imo ndani ya initramfs.

## Dalili: unknown-block(0,0)

Sifuri mbili maana yake kerneli haikukitambua kifaa ulichokitaja kwenye `root=`, chaguo la mstari wa kerneli katika GRUB linalotaja patisheni kuu. Haijafika hata kwenye swali la ext4 au XFS. Juu kidogo ya panic kuna mstari wa "Cannot open root device" unaoishia na `error -6`, yaani kifaa hicho hakipo, na chini yake orodha ya patisheni ambazo kerneli inaziona. Orodha hiyo ndiyo inayoamua uelekee wapi.

Orodha ni tupu, au ina sr0 (kisoma CD/DVD) tu. Draiva ya diski haipo. Washa flashi ya moja kwa moja na uandike `lspci -k`. Tafuta kidhibiti cha SATA au NVMe na usome mstari wa "Kernel driver in use". Jina lililo hapo ndilo unalotakiwa kuliweka `y`. Kwa diski za SATA kwenye kompyuta nyingi ni hivi:

    CONFIG_ATA=y
    CONFIG_SATA_AHCI=y
    CONFIG_SCSI=y
    CONFIG_BLK_DEV_SD=y

Mstari wa mwisho husahaulika sana kwa sababu uko kwenye sehemu ya SCSI, na mtu mwenye diski ya SATA haoni sababu ya kwenda huko. Lakini Linux huzipitisha diski za SATA kwenye tabaka la SCSI. Ukiona kwenye video mistari ya `ata1.00` ikitaja aina ya diski yako, ila hakuna mstari wa `[sda]` unaofuata, ni huo.

NVMe inahitaji `CONFIG_BLK_DEV_NVME=y`. Laptopu nyingi zenye prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 11 huficha NVMe nyuma ya kidhibiti kiitwacho VMD. Ongeza `CONFIG_VMD=y`, au uizime VMD kwenye mipangilio ya UEFI. Usiizime bila kufikiri kama kuna Windows kwenye mashine hiyohiyo, kwani inaweza nayo ikagoma kuwaka. Kwa kompyuta pepe za KVM ni `CONFIG_VIRTIO_PCI=y` na `CONFIG_VIRTIO_BLK=y`, na diski itaitwa vda, si sda.

Diski imo, patisheni zake hazimo. Unaona sda, huoni sda1 wala sda2. Jedwali la GPT halisomeki kwa sababu `CONFIG_EFI_PARTITION` imezimwa. Kwa kawaida hujiwasha yenyewe, lakini ukishawasha `CONFIG_PARTITION_ADVANCED` inakuwa hiari, na hapo ndipo watu huizima wakidhani inahusu UEFI tu.

Kila kitu kimo, patisheni yako pia imo. Basi kosa liko kwenye `root=`. Kerneli peke yake haielewi `root=UUID=...`. Hiyo UUID imeandikwa ndani ya mfumo wa faili, na kazi ya kuitafuta hufanywa na programu zilizomo kwenye initramfs. Bila initramfs tumia PARTUUID, ambayo imo kwenye jedwali la patisheni na kerneli huisoma yenyewe. Amri ya `blkid` hukuonyesha zote mbili, angalia usizichanganye. Kuandika /dev/sda2 moja kwa moja hufanya kazi mpaka siku utakapochomeka diski nyingine na sda kugeuka sdb.

Mfumo uko kwenye flashi, diski ya USB au kadi ya SD. Vifaa hivi huchelewa kujitambulisha, na kerneli hukata tamaa kabla havijawa tayari. Dalili yake ni kwamba mstari unaotaja diski hutokea baada ya panic, au haufiki kabisa. Ongeza `rootwait` kwenye mstari wa kerneli katika GRUB.

Kwa anayetumia kerneli ya Ubuntu au Debian bila kuikompaili, sifuri mbili karibu kila mara humaanisha initramfs haikupakiwa. Ama haikutengenezwa kwa sababu /boot imejaa, ama umeme ulikatika katikati ya kusasisha. Chagua kerneli ya zamani kwenye GRUB, angalia `df -h /boot`, ondoa kerneli usizozihitaji, halafu:

    update-initramfs -c -k TOLEO
    update-grub

Mahali pa TOLEO weka jina la toleo lililokwama, kama lilivyo kwenye `ls /lib/modules`.

## Dalili: unknown-block(8,2), (259,2) na nyinginezo

Sasa namba zina maana. 8 ni diski za SATA na SCSI, na 8,2 ni sda2. 259 huonekana kwa NVMe, 179 kwa kadi za SD na eMMC. Kerneli imeiona patisheni, imeigusa, ila imeshindwa kuipachika. Hapa ndipo mfumo wa faili unapohusika kweli.

Soma mstari wa "No filesystem could mount root, tried:". Yaliyoorodheshwa baada yake ndiyo mifumo ya faili ambayo kerneli iliijaribu. Kama patisheni yako ni XFS na XFS haimo kwenye orodha, basi `CONFIG_XFS_FS` ni `m` au imezimwa. Ukiwa umeandika `rootfstype=` kwenye GRUB, badala ya orodha utaona `error -19`, na maana ni ileile: draiva ya mfumo huo haimo. Hakikisha patisheni ni ya aina gani kwa `lsblk -f` kabla ya kurekebisha. Kumbukumbu ya mtu kuhusu alivyofomati diski miaka miwili iliyopita si ya kuaminika.

    CONFIG_EXT4_FS=y
    CONFIG_XFS_FS=y
    CONFIG_BTRFS_FS=y

Weka unayoitumia tu. Kwa ext3 usihangaike kutafuta draiva yake: iliondolewa kwenye kerneli 4.3 mwaka 2015, na ext4 ndiyo inayoisoma. Ndiyo maana mstari usemao "couldn't mount as ext3 due to feature incompatibilities" si kosa. Kerneli ilijaribu jina la ext3 kwanza, ikaendelea hadi ext4. Watu wengi hukimbilia kuufuatilia mstari huo na kuacha tatizo halisi likiwa chini yake.

Kama mfumo wa faili umo kwenye orodha na bado imeshindikana, huenda `root=` inaelekeza patisheni isiyo yake, kama swap au ya Windows. Linganisha ukubwa ulioandikwa kwenye orodha ya patisheni na unaoujua.

Uwezekano mwingine ni kwamba diski ilifomatiwa kwa zana mpya kuliko kerneli. Tangu e2fsprogs 1.47.0 ya mwaka 2023, `mkfs.ext4` huwasha kwa chaguo lake sifa iitwayo metadata_csum_seed, ambayo inahitaji kerneli 4.4 au mpya zaidi. Kerneli ya zamani zaidi ya hapo, kama zile ambazo baadhi ya vifaa vidogo hubaki nazo kwa miaka, huikataa hivi:

    EXT4-fs (sda2): couldn't mount because of unsupported optional features (2000)

Ukiwa kwenye flashi, patisheni ikiwa haijapachikwa, iondoe kwa `tune2fs -O ^metadata_csum_seed /dev/sda2`. Sifa hiyohiyo iliwasumbua pia wenye GRUB ya zamani. Lakini hao hawafiki kwenye panic kabisa: wanakutana na "unknown filesystem" na kidokezo cha `grub rescue>`. Ikiwa umekwama hapo, kerneli haijaanza hata kupakiwa, kwa hiyo menuconfig iache kwanza.

Wenye seva za zamani za ReiserFS wana habari mbaya zaidi. Mfumo huo ulitangazwa kuwa wa kuachwa kwenye kerneli 5.18 mwaka 2022, na ukaondolewa kabisa kwenye 6.13 ya Januari 2025. Hakuna chaguo la kuwasha. Rudi kwenye kerneli ya nyuma, nakili data, fomati upya kwa ext4 au XFS.

## Dalili: unatupwa kwenye (initramfs) au "emergency shell"

Debian na Ubuntu husema "ALERT! UUID=... does not exist. Dropping to a shell!". Fedora huchelewa kwanza kwa maonyo ya `dracut-initqueue timeout`. Arch husema kifaa hakikupatikana. Yote ni jambo moja: initramfs imewaka vizuri, ila haikuiona patisheni kuu. Humo una kidokezo cha kuandikia amri, na hiyo ni nafasi nzuri ya kupima badala ya kukisia.

    cat /proc/cmdline
    blkid
    cat /proc/modules

`blkid` isipotoa diski yoyote, jaribu kupakia draiva mwenyewe: `modprobe nvme` au `modprobe ahci`. Diski ikijitokeza hapo hapo, umekipata chanzo: moduli ipo lakini haikuitwa. Kwa Debian andika jina lake kwenye /etc/initramfs-tools/modules kisha `update-initramfs -u`. Moduli isipokuwemo kabisa, uliza initramfs hiyo ilitengenezwaje. Debian ikiwa na `MODULES=dep`, Fedora kwa mpangilio wake wa kawaida, na Arch kwa hook ya autodetect, zote huweka draiva za mashine ile tu iliyokuwa ikitumika wakati huo. Ukihamishia diski kwenye kompyuta nyingine, au ukibadilisha hali ya SATA kwenye UEFI kutoka RAID kwenda AHCI, initramfs hiyo haina draiva ya mazingira mapya. Kwenye Fedora washa kwa chaguo la rescue, kisha `dracut --force --no-hostonly` kwa toleo unalolitaka.

Kama initramfs yenyewe haifunguki, utaona "compression method zstd not configured" au jina la mbinu nyingine, na baadaye zile sifuri mbili. Imebanwa kwa mbinu ambayo kerneli yako haina. Washa `CONFIG_BLK_DEV_INITRD=y` pamoja na `CONFIG_RD_ZSTD=y`, au `RD_XZ`, `RD_GZIP` kulingana na ulichotumia.

Kuna mipangilio ambayo bila initramfs haiwaki hata ukiweka kila kitu `y`: LUKS (usimbaji wa diski), LVM (patisheni pepe), Btrfs iliyotandazwa kwenye diski zaidi ya moja, na RAID ya mdadm yenye metadata ya 1.x. Kerneli ina draiva zao, ila kazi ya kuomba nenosiri au kuziunganisha diski hufanywa na programu za nje. Kwa hawa nashauri waache kuhangaika kuiondoa initramfs.

## Dalili: patisheni imefunguka, init haipatikani

"No working init found" maana yake kerneli ilipachika kitu, ikatafuta /sbin/init, /etc/init, /bin/init na /bin/sh, na hakuna uliofanya kazi. Kwanza shuku kuwa imepachika patisheni isiyo yake, kwa mfano ya /home. Pili, angalia `CONFIG_BINFMT_ELF=y`, na `CONFIG_BINFMT_SCRIPT=y` ikiwa init ni skripti. `error -8` kwenye mstari wa init ndiyo ishara ya hili, au ya kerneli ya 64-bit isiyo na `CONFIG_IA32_EMULATION` juu ya mfumo wa 32-bit.

"Attempted to kill init! exitcode=0x00007f00" ni tofauti. Init ilianza, ikakosa maktaba zake, ikafa. Kwa kawaida /usr iko kwenye patisheni ya peke yake na haijapachikwa bado. Hapo initramfs ndiyo suluhisho.

Ukiona "unable to open an initial console", folda ya /dev ni tupu. `CONFIG_DEVTMPFS=y` na `CONFIG_DEVTMPFS_MOUNT=y`. Hii ya pili haifanyi kazi mahali palipo na initramfs, kwa sababu humo init ndiyo inayopaswa kupachika /dev yenyewe. Na systemd ikiganda kwa "Failed to mount API filesystems", angalia PROC_FS, SYSFS, TMPFS na CGROUPS.

## Dalili: inawaka, kisha "You are in emergency mode"

Hapa patisheni kuu iko salama. Kilichoshindikana ni mstari mwingine wa /etc/fstab, faili lenye orodha ya patisheni za kupachikwa, na mara nyingi ni /boot/efi. Patisheni hiyo ni FAT, na FAT inahitaji zaidi ya draiva yake:

    CONFIG_VFAT_FS=y
    CONFIG_NLS_CODEPAGE_437=y
    CONFIG_NLS_ISO8859_1=y

Ukikosa za NLS (majedwali ya herufi), amri ya mount inalalamika kuhusu "wrong fs type" au "bad superblock" na kukutisha kwamba patisheni imeharibika. Usiifomati. Andika `dmesg | grep FAT`. Ukikuta "codepage cp437 not found" au "IO charset iso8859-1 not found", patisheni ni nzima. Aliyetengeneza usanidi wake kwa `make localmodconfig` hukutana na hili sana, maana amri hiyo hubakiza moduli zilizokuwa zimepakiwa dakika ile tu. Kabla ya kuitumia, pachika patisheni zote na uchomeke kila kifaa unachokitumia, flashi na modemu zikiwemo.

Kama vfat ni `m` na `modprobe vfat` inasema haipo, linganisha `uname -r` na `ls /lib/modules`. Zisipolingana, ni lile suala la /boot kutopachikwa wakati wa kusasisha: kerneli ya zamani inawaka huku moduli zake zimeshafutwa. Sakinisha kerneli upya /boot ikiwa mahali pake. Kwa diski za nje zilizomo kwenye fstab, ongeza `nofail` ili kukosekana kwake kusizuie mashine nzima.

## Usanidi uko sahihi na bado haipachiki

Namba ni sahihi, mfumo wa faili umo, `root=` ni yenyewe. Sasa ndipo uishuku diski. Kwenye flashi fanya `dmesg` na utafute "I/O error". Ukizikuta, nakili data kwanza kwa `ddrescue`, kabla ya kujaribu ukarabati wowote, kisha uangalie afya ya diski kwa `smartctl -a`. Zisipokuwepo, `e2fsck -f` kwa ext4 au `xfs_repair` kwa XFS, patisheni ikiwa haijapachikwa. XFS yenye kumbukumbu za miamala ambazo hazijamalizwa itakataa na kukuomba uipachike kwanza ili izimalize. Ipachike kutoka kwenye flashi, iondoe, kisha urudie. Chaguo la `-L` hufuta miamala hiyo na linaweza kupoteza faili, kwa hiyo litumike pale tu kupachika kumeshindikana kabisa na nakala ya data ipo.